DMFT: Kipimo cha Meno Kisichosikia Maumivu

Chukua watoto watatu, wote wana miaka 12. Wa kwanza ana magego manne yaliyotoboka, hajawahi kumwona daktari wa meno, na usiku analala ameshika shavu. Wa pili alikuwa na matundu manne kama hayo, yakazibwa yote, sasa anatafuna muwa bila wasiwasi. Wa tatu yake yaling'olewa yote manne. Muulize mtu yeyote mtaani nani kati yao ana hali mbaya leo, atakujibu palepale. Lakini kiulize kipimo ambacho dunia imekitumia kwa zaidi ya miaka 80 kupima afya ya meno, kitakwambia wote watatu wako sawa. Kila mmoja ana 4.

Kipimo hicho kinaitwa DMFT. D ni jino lililooza, M ni jino lililopotea kwa sababu ya kuoza, F ni jino lililozibwa, na T ni meno yenyewe. Mpimaji anahesabu, anajumlisha, basi. Ukisoma ripoti inayosema watoto wa nchi fulani wana meno mazuri kuliko wa nchi nyingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba namba hii ndiyo iliyotumika.

Hoja yangu ni hii: DMFT ilizaliwa mahali penye daktari wa meno, na inasomeka vizuri hukohuko. Ikifika mahali ambapo daktari ni wa kusafiria, inayafanya mateso yasiyotibiwa yaonekane kama afya nzuri. Na kwa kuwa bajeti hufuata namba, hili si jambo la wataalamu peke yao.

Kwanza tukitendee haki

DMFT ilitambulishwa mwaka 1938 na Henry Klein, Carroll Palmer na John Knutson wa idara ya afya ya umma ya Marekani. Walikuwa wakichunguza watoto wa shule za msingi huko Hagerstown, jimbo la Maryland. Walitaka kujua, kwa kila mtoto, meno mangapi ya ukubwani yameshashambuliwa na ugonjwa tangu yaanze kuota. Kwa swali hilo, kujumlisha matundu, mapengo na vizibo ni akili kabisa. Jino lililozibwa liliwahi kuoza. Lililong'olewa kwa kuoza, vilevile.

Tena ni kipimo cha bei nafuu. Hakihitaji eksirei wala maabara. Kioo kidogo cha kinywani, mwanga wa kutosha na mpimaji aliyefundishwa vinatosha, hata chini ya mwembe wa shule. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikikumbatia. Mwaka 1981, WHO pamoja na FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani, waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2000 wastani wa DMFT kwa watoto wa miaka 12 usizidi 3. Na ni kwa namba hii dunia iliona meno ya watoto wa Ulaya Kaskazini yakipata nafuu kubwa baada ya dawa ya mswaki yenye floraidi kuenea kuanzia miaka ya 1970. Bila kipimo kimoja kinachotumika kila mahali, mabadiliko hayo yasingeonekana wazi vile.

Sasa angalia hapa. Lengo la 1981 lilipotangazwa, nchi nyingi za Afrika zilikuwa tayari chini ya 3. Yaani tulifaulu mtihani kabla ya kuingia darasani. Namba haikudanganya, maana sukari ilikuwa haijajaa madukani na majumbani kama leo, na meno yaliyooza yalikuwa machache kweli. Ila namba ndogo ya wastani haikusema chochote kuhusu hayo machache: yanauma kiasi gani, na nani anayatibu.

Tundu, pengo na kizibo si ndugu

Katika nchi yenye huduma za kutosha, sehemu kubwa ya DMFT huwa ni F. Meno yalioza, yakatibiwa, maisha yakaendelea. Afrika Mashariki tafiti zimeonyesha mara kwa mara kinyume chake: sehemu kubwa ni D, matundu yaliyoachwa wazi, na F ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo DMFT ya 2 kule Stockholm na DMFT ya 2 kule Shinyanga ni namba moja inayoeleza maisha mawili tofauti.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Kwa mtoto mmoja, DMFT inaweza kupanda au kusimama, lakini haishuki. Tuseme shule imepata bahati: timu ya madaktari wa meno imekuja, imeziba kila tundu ililolikuta. Wiki inayofuata ukirudi kupima utapata namba ileile. D zote zimegeuka F, jumla haijatikisika. Mfadhili akiuliza mradi umeleta mabadiliko gani, jedwali la DMFT linajibu: hakuna. Wakati huohuo, watoto wameanza kulala usingizi.

Upande wa pili nao upo. Daktari mwenye haraka, anayeziba hata jino ambalo halijatoboka, anaipandisha DMFT ya mteja wake bila ugonjwa wowote kuongezeka. Kipimo kinachoshindwa kuitambua tiba nzuri, na kinachoweza kuisoma tiba ya kupita kiasi kama ugonjwa, kinahitaji kutazamwa kwa jicho kali.

Halafu hiyo D yenyewe ni pana mno. Tundu dogo lisilouma ni D. Jino lililobaki kisiki, limefika kwenye kiini na limeota jipu la usaha, nalo ni D. Moja na moja. Mwaka 2010 kundi la watafiti lilichapisha kipimo kingine kinachoitwa PUFA, ambacho kinahesabu matokeo ya tundu lililoachwa: jino lililotoboka hadi kwenye kiini, kidonda kilichosababishwa na vipande vya jino, kijitundu cha kutolea usaha kwenye ufizi, na jipu. Wakakitumia kwenye takwimu za utafiti wa kitaifa wa Ufilipino. Matokeo: asilimia 85 ya watoto wa miaka 6, na asilimia 56 ya wale wa miaka 12, walikuwa na angalau jino moja lililofika hali hiyo. Hizo ni ajali ambazo DMFT ilizipita barabarani bila kupunguza mwendo.

Wastani unapendeza, darasa linaumia

Hebu tufanye hesabu ndogo. Darasa la kufikirika lina wanafunzi 30. Wanafunzi 20 hawana jino hata moja lililooza. Waliobaki 10 wana meno matatu mabovu kila mmoja. Jumla ni meno 30, gawanya kwa wanafunzi 30, wastani ni 1. Kwa madaraja ya WHO, wastani ulio chini ya 1.2 kwa umri wa miaka 12 huitwa "chini sana". Pongezi, mwalimu! Ila wale 10 bado wana meno matatu mabovu kila mmoja, na wastani umewafunika shuka.

Mswidi mmoja, Douglas Bratthall, aliliona hilo na mwaka 2000 akapendekeza marekebisho rahisi: wapange watoto kwa DMFT zao, chukua theluthi yenye hali mbaya zaidi, kisha piga wastani wa hao tu. Kipimo hicho kinaitwa SiC. Kwenye darasa letu, SiC ni 3. Data ni zilezile, gharama ya ziada haipo, lakini hadithi imebadilika kabisa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, ripoti nyingi bado zinaanza na wastani na wakati mwingine zinaishia hapohapo.

Na kwa nini miaka 12? Ukisoma mwongozo wa WHO wa tafiti za afya ya kinywa, sababu mojawapo inatajwa bila kuficha: katika nchi nyingi huo ndio umri ambao mtoto anakaribia kumaliza shule ya msingi, hivyo ni fursa ya mwisho ya kumpata kwa urahisi kupitia shule. Ni sababu ya kiutendaji, inaeleweka. Ila maana yake ni kwamba mtoto aliyeacha shule darasa la nne hayumo. Mtoto anayechunga mifugo hayumo. Mfanyakazi wa ndani mwenye umri huo hayumo. Na kuna sababu gani ya kuamini kwamba meno yao yanafanana na ya wenzao waliomo?

Ugonjwa usioua hauna kiti

Tutoke shuleni, twende kwenye meza kubwa ya magonjwa sugu. Mwaka 2013 nchi wanachama wa WHO zilikubaliana mfumo wa kufuatilia magonjwa yasiyoambukiza: malengo 9, viashiria 25. Kuna tumbaku, pombe, chumvi, presha, kisukari, unene, hata chanjo ya HPV. Afya ya kinywa haina kiashiria hata kimoja. Cha kushangaza zaidi, chumvi tunayokula ina kiashiria chake, mafuta yana chake, lakini kiasi cha sukari tunachokula hakina.

Kiashiria cha kwanza kwenye orodha hiyo, ambacho pia kimeingia kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, ni uwezekano wa mtu kufa akiwa na umri wa miaka 30 hadi 70 kwa magonjwa ya moyo, saratani, kisukari au magonjwa sugu ya upumuaji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shida ya jino ni kwamba mara nyingi kifo hakimuumbui mtu. Linauma miezi, linapoa kidogo, linaamka tena, mwishowe linang'olewa. Mgonjwa anabaki hai, na kwa kipimo cha vifo ni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wakati huohuo kinywa na magonjwa hayo vina undugu wa damu. Kisukari kisichodhibitiwa kinazidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa mkali wa fizi unafanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibiti. Tumbaku inaharibu fizi na inaleta saratani ya kinywa. Soda inayochangia unene ndiyo hiyohiyo inayooza meno. Na hapa DMFT haina msaada, maana fizi haizitazami kabisa. Mtu mzima anaweza kuwa na DMFT ya 0, huku meno yake yanalegea na kucheza kama vigingi kwenye matope.

Kwa ukubwa wa tatizo, ripoti ya WHO ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, wakiwemo watoto milioni 514 wenye meno ya utotoni yaliyooza. Ugonjwa wenye watu wengi hivyo kukosa hata kiashiria kimoja kati ya 25 si bahati mbaya ya uchapaji.

Kuazima vya wenzetu nako kuna mitego

Mtu atasema: basi tuige wenye mfumo mzuri. Marekani, kwa mfano, kituo chao cha udhibiti wa magonjwa, CDC, kina orodha ya Viashiria vya Magonjwa Sugu ambamo kinywa kimepewa nafasi yake, bega kwa bega na kisukari na moyo. Hilo ni la kusifiwa. Orodha hiyo imekuwa na viashiria kama watu wazima waliomwona daktari wa meno ndani ya mwaka, wazee waliopoteza meno sita au zaidi, na watu wanaopata maji ya bomba yaliyowekewa floraidi kwa kiwango kinachopendekezwa. Sasa tuvipandishe ndege tuvilete huku, tuone.

Kumwona daktari wa meno. Kule, namba ikipanda inamaanisha watu wengi zaidi wanakwenda kukaguliwa na kusafishwa. Huku, wengi tunakwenda jino likishatushinda, na tunatoka na pamba mdomoni. Mwaka ambao watu wengi zaidi wameumwa meno, kiashiria hiki kitapanda, na sisi tutaandika "mafanikio".

Meno yaliyopotea. Swali la Wamarekani linataja wazi meno yaliyoondolewa kwa sababu ya kuoza au ugonjwa wa fizi. Ukiliazima bila kipande hicho, umeharibu. Kwa desturi ya zamani, Mjaluo aling'olewa meno sita ya mbele ya chini. Mzee wa namna hiyo, mwenye meno mengine yote imara, ataingia kwenye hesabu ya "waliopoteza sita au zaidi". Na kuna watoto ambao wakiwa wachanga walichimbuliwa vijino vilivyokuwa bado ndani ya ufizi, kwa imani kwamba "meno ya plastiki" ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Pengo la mtoto huyo ni la hatari sana, ila halina uhusiano na pipi. Fomu za WHO zina alama tofauti kwa jino lililopotea kwa sababu nyingine. Kazi inabaki kwa mpimaji kuuliza na kuisikiliza familia.

Floraidi ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Marekani tangu mwaka 2015 inapendekeza miligramu 0.7 kwa lita, na kufikisha floraidi kwa watu ni ushindi. Nenda kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, ambako miamba ya volkano inamwaga floraidi kwenye maji bila kuombwa. Huko kuna vyanzo vyenye floraidi nyingi kuliko kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, mara kadhaa. Meno yanakuwa ya kahawia, na kwa wengine mifupa inapinda. Ndiyo maana pana kituo cha utafiti Ngurdoto kinachoshughulika na kuiondoa floraidi, ikiwemo kwa kutumia makaa ya mifupa. Kwa hiyo kiashiria kinachohesabu floraidi iliyoongezwa hakina la kuwaambia watu wa Meru. Wanachohitaji ni hesabu ya kaya zilizoepushwa nayo.

Malengo mapya, mianya mipya

Tuwe wakweli, mambo yamesogea. Mei 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la afya ya kinywa, na mwaka 2023 ukafuata mpango wa utekelezaji hadi 2030 wenye malengo 11. Hatimaye kinywa kina mfumo wake wa kufuatiliwa. Lakini soma malengo mawili makuu taratibu.

La kwanza linataka asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya kupata huduma muhimu za kinywa. Neno ni "haki". Kinachohesabiwa ni kama mpango wa serikali unamhusisha mtu, wala sio kama amehudumiwa. Ukiwa na kadi ya bima inayolipia kuziba jino, halafu hospitali ya wilaya haina dawa ya kuzibia tangu mwezi wa tatu, kwenye karatasi wewe umefikiwa.

La pili linataka ukubwa wa magonjwa makuu ya kinywa upungue kwa asilimia 10. Wasifu wa nchi uliotolewa na WHO mwaka 2022 ulitumia makadirio ya mradi wa GBD wa 2019. Faida yake ni kwamba kila nchi inapata namba. Hasara yake ni hiyohiyo: hata nchi ambayo haijapima vinywa vya watu wake kwa miaka mingi inapata namba, iliyokokotolewa kwa kuangalia majirani na mwenendo wa jumla. Tukipungua kwa asilimia 10 kwenye makadirio ya namna hiyo, nani amepona?

Tupime nini basi?

Sisemi DMFT itupwe. Tukiitupa tutapoteza kumbukumbu ya miaka mingi. Ninachosema ni kwamba isipewe kamwe nafasi ya kuzungumza peke yake, hasa huku kwetu. Mambo manne yanawezekana bila kusubiri teknolojia yoyote mpya.

Kwanza, kila ripoti itenganishe D, M na F. Data tayari zipo kwenye fomu, ni kuacha tu kuzimwaga kwenye sufuria moja. Kisha iongeze SiC, na pale inapowezekana, PUFA.

Pili, tuhesabu meno yaliyong'olewa kwa kila jino lililozibwa. Kliniki za meno huandika kazi hizi kwenye rejesta zao. Uwiano huo kwa wilaya, mwezi kwa mwezi, unakwambia lini vifaa viliisha na wapi mtu hana chaguo ila koleo. Tena, tofauti na DMFT, unaweza kushuka mapema mambo yakiboreka.

Tatu, tuulize maumivu. Tafiti za STEPS za magonjwa yasiyoambukiza, ambazo Tanzania ilifanya mwaka 2012 na Kenya 2015, zina sehemu ya hiari ya afya ya kinywa iliyoandaliwa na WHO. Humo kuna swali la kama umeumwa jino au kinywa ndani ya miezi 12, na sababu iliyokupeleka kwa daktari mara ya mwisho. Swali hilo la sababu ndilo linaloiokoa ile namba ya "waliomwona daktari" isitudanganye. Kwa watoto tuongeze siku za shule zilizopotea.

Nne, tupime sukari. Tusipofuatilia kiasi cha sukari kinachoingia kinywani, tutabaki kuhesabu matundu mwaka baada ya mwaka kama mtu anayepanga ndoo chini ya paa linalovuja.

Kuna pingamizi moja la haki hapa: viashiria vingi vinachosha, na muuguzi wa zahanati tayari anajaza vitabu mpaka vidole vinauma. Kweli kabisa. Lakini katika hayo manne, la kwanza, ukiacha PUFA, halihitaji data mpya, la pili liko kwenye rejesta, na la tatu lina maswali yaliyokwisha kuandikwa. La nne ndilo lenye gharama, na ndilo linalogusa kisukari, unene na meno kwa mpigo.

Wale watoto watatu wa mwanzo ni wa kufikirika, ila kila darasa la nchi hii lina mmoja aliye kama wa kwanza. Safari nyingine ukikutana na ripoti inayosema meno ya watoto wetu yako "vizuri" kwa wastani, uliza swali moja tu: katika hiyo namba, matundu ni mangapi, na vizibo ni vingapi? Mwenye ripoti akishindwa kujibu, ujue mtoto aliyeshika shavu bado hajahesabiwa.